Rasimu ya Penseli

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wa mafunzo ametuagiza kila mmoja awe na daftari. "Kila siku andikeni jambo moja lililosemwa kazini, na aliyelisema. Mistari miwili inatosha. Sitayasoma." Ndiyo maana naandika. Aliposema hatayasoma nilimwamini nusu.

Mafunzo yanaitwa Mawasiliano ya Kikazi. Ni kila Alhamisi saa nane mchana, wiki kumi, kupitia kompyuta iliyowekwa mwisho wa meza ya mikutano. Matawi sita ya kampuni, katika nchi nne, yanaonekana kwenye vidirisha sita. Sisi tunaohudhuria hapa ni wanne: Meneja, Mhasibu, Mama Stoo anayetunza stoo ya vitabu, na mimi karani. Tunasambaza vitabu vya shule na karatasi.

Niko kwenye muda wa majaribio hadi mwisho wa Mei. Barua ya kuthibitishwa ikitoka, nitakuwa karani. Isipotoka, nitarudi kuwa nilivyokuwa mwaka jana, yaani msichana anayekaa nyumbani na vyeti vyake kwenye bahasha.

Leo tumejifunza kuomba jambo kwa uwazi: nani afanye nini, lini.

Ijumaa, 8 Machi

Joto. Meneja alisema, "Binti, feni hii inapuliza karatasi zangu." Nikaizima.

Jumatatu, 11 Machi

Kikao cha kila wiki. Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Utaratibu niliukuta na nimeushika: kikaoni naandika rasimu kwa penseli, mchana naichapa, Meneja anasaini, kisha naifuta rasimu kwa ufutio na karatasi zile zile zinatumika wiki inayofuata. Meneja anapenda utaratibu huu. Husema karatasi ndiyo biashara yetu, hatuwezi kuitupa ovyo. Karatasi zangu zimeshakuwa za kijivu na nyororo kama kitambaa.

Kikaoni pia mimi ndiye ninayemimina chai. Sijui nani aliamua. Namimina kwa mkono wa kulia na penseli naishika mdomoni.

Mama Stoo alisema maneno haya, nayaandika kwa ajili ya mwalimu: "Bati la kona ya nyuma limeachia misumari. Mvua haijaanza, ikianza itakuwa shida. Naomba fundi aje wiki hii." Mwenyewe hakujua, lakini alikuwa amefuata somo la Alhamisi sawasawa: nani, nini, lini. Alisema mara tatu. Mara ya tatu Meneja alisema, "Mama, tumekusikia. Binti, chai imeisha?"

Haikuwa imeisha.

La bati sikuliingiza kwenye kumbukumbu kwa kuwa halikufikia uamuzi.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu aliuliza, "Wanawake, huko kazini kwenu mnachukuliwaje? Kila mmoja aseme ya kwao."

Kisha akasema fundi mkuu wa mitambo wa tawi la milimani, mwanamke mwenye miwani na sauti nzito. "Kwetu naitwa kwa cheo, kwa heshima zote. Ila mteja akija na swali la mtambo, anamuuliza mwanamume aliyesimama nyuma yangu. Na yule ni mfagizi. Siku hizi naye ameanza kujibu."

Watu walicheka. Msichana wa mauzo wa tawi la mpakani akasema, "Sisi hatuna cheo, tunaitwa dada. Dada, shika simu. Dada, tupige picha. Miaka minne sijawahi kuwemo kwenye picha yoyote ya ofisi."

Mzee mmoja wa tawi la bandarini alinyoosha mkono. "Kwetu mambo hayo hayapo. Wanawake wetu tunawaheshimu mno, hata kiti hatuwaachi wanyanyue."

Pembeni yake alikaa mwanamke akitazama kucha zake. Mwalimu akamuuliza, "Na wewe dada, ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo alivyosema," akajibu.

Meneja wetu akasogea mbele ya kamera. "Sisi hapa ni familia moja."

Mama Stoo alininong'oneza, "Familia kweli. Mimi ndiye mama mkwe, nasalimiwa tu."

Mwalimu aliponifikia nikasema, "Mimi bado mgeni, mwalimu." Nina miezi mitatu na nusu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri. Nilifika na viatu mkononi.

Kikaoni Mama Stoo alisema magari yawe yanapakia asubuhi, kabla mvua haijapamba moto. Meneja alikuwa anasoma simu. Baada ya muda Mhasibu akasema, "Mimi nadhani magari yapakie asubuhi." Meneja akainua kichwa. "Hilo ni wazo." Nikachapa: Mhasibu alishauri magari yapakie asubuhi. Kikao kikaafiki.

Wakati nakusanya vikombe Mama Stoo alinisaidia. "Umeona, mwanangu? Mimi ni redio, yule bwana ni spika. Bila spika redio haisikiki." Alicheka mwenyewe hadi akashika kiuno. Nami nilicheka kidogo, nikautazama mlango.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mama Stoo ameweka ndoo nne kona ya nyuma ya stoo. Nilipeleka fomu nikazisikia kabla sijaziona.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Somo la barua rasmi. Baada ya somo Mama Stoo alinifuata mezani na karatasi aliyoandika kwa mkono, kuhusu bati. Mwandiko wake ni mkubwa, umelalia upande mmoja.

"Nichapie, mwanangu. Ya mkono hawaisomi. Wataona ni orodha ya sokoni."

Nilitazama mlango wa Meneja. Ulikuwa wazi. Nikamwambia nina kazi nyingi leo, mama. Sikuwa nayo hata moja.

"Haya," akasema. "Basi nitasema tena kikaoni." Akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti la kazi.

Jumatatu, 1 Aprili

Alisema tena. Maneno yake: "Ndoo zimekuwa saba. Paleti za nyuma nimezisogeza kadiri ya nguvu zangu, nafasi imeisha. Bila fundi sitaweza." Meneja: "Hilo tulishalisikia, Mama. Tusirudie rudie." Mhasibu hakulirudia. Sikuliandika.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama yangu ameulizia barua ya kuthibitishwa. Nilimwambia ni Mei. Alikuwa mpiga chapa ofisini miaka ishirini na miwili, na vidole vyake viwili vya mwisho havinyooki tena. Anasema hajawahi kupewa onyo hata siku moja. "Kazi yako ni vidole, mwanangu. Mdomo waachie wenye nao."

Alhamisi, 11 Aprili

Mwalimu ametoa zoezi. Kila mwenye kuandika kumbukumbu achukue vikao vitatu, alinganishe rasimu na kumbukumbu zilizosainiwa, ahesabu nani alisema na nani ameandikwa.

Rasimu zangu nimezifuta. Lakini nina daftari hili, na yasiyomo humu nayakumbuka.

Nimekaa nalo tangu saa kumi. Sikuwa na nia ya kutafuta chochote. Katika vikao vitano Mama Stoo alileta mambo kumi na moja. Manne yamo kwenye kumbukumbu, yote kwa jina la Mhasibu. Saba hayamo popote. Mambo ya Mhasibu mwenyewe yamo yote, hata lile la kalamu zinazopotea mapokezi.

Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyeniagiza niandike hivyo. Nilipitia kila sura. Hakuna. Meneja husaini tu, sidhani hata huwa anasoma. Ni mimi. Mama Stoo akisema, penseli yangu inakaa hewani. Inangoja. Mwanamume akilirudia, inashuka. Asiporudia, naendelea na ajenda inayofuata, na jioni nafuta.

Nilidhani nikiligundua jambo kama hili nitalia au nitakasirika. Nilinoa penseli.

Kwenye zoezi nimejaza: hakuna tofauti iliyoonekana. Mwalimu amenijibu kabla sijatoka ofisini. "Vizuri. Umeandika kwa uangalifu."

Jumatatu, 15 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Dhoruba ilipiga Jumamosi mchana na ofisi ilikuwa imefungwa. Asubuhi hii nilifika saa moja na robo. Mama Stoo alikuwa amesimama nje ya mlango wa stoo, funguo mkononi, hafungui. Alisema, "Sikia." Nilisikia maji yakitiririka ndani kama bomba lililosahauliwa.

Akafungua. Bati la kona ya nyuma halikuwepo. Mbingu ilikuwepo, nyeupe. Maboksi ya chini yalikuwa yamevimba na kupasuka ubavuni, na ya juu yamewaangukia wenzao. Vitabu vya darasa la tatu na la nne. Maji yalifika juu ya kifundo cha mguu, na majalada yalikuwa yanaelea yakitazama juu, picha ile ile ya watoto wawili wanasoma, mara mamia.

Mama Stoo alivua viatu, akavipanga ukutani, akaingia. Alianza kubeba. Nami nikavua vyangu. Karatasi iliyolowa ni nzito kuliko mtu anavyofikiri. Kila boksi tulilolishika lilibaki mikononi, kilichokuwa ndani kikaanguka. Tulifanya hivyo saa nzima. Katikati ya kubeba alisema, "Hivi vilikuwa vya shule za mbali. Walikuwa wanapiga simu kila siku kuviulizia."

Meneja alifika saa mbili na nusu. Alisimama kizingitini kwa sababu ya suruali. Akatazama juu, akatazama chini. "Mama, umefanya nini?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa.

Saa tano tulihesabu yaliyoharibika. Maboksi mia nne na kumi.

Saa nane Meneja aliniita, akafunga mlango. Hajawahi kuufunga tangu nianze. "Kumbukumbu za vikao, tangu Januari, zinasema nini kuhusu paa?"

Nikasema, "Hazisemi kitu, bosi."

"Hakuna mahali?"

"Hakuna."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepata funguo zake. "Wewe ni mwandishi mzuri, binti. Toa nakala tatu."

Nilitoa nakala tatu. Mashine ilikuwa na joto, niliiwekea viganja juu.

Jumanne, 16 Aprili

Mama Stoo amesimamishwa kazi kwa uzembe. Barua yake niliichapa mimi. Ina makosa sifuri.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Kiti chake darasani kilikuwa kitupu. Mwalimu aliuliza yuko wapi. Meneja akasema ana dharura ya kifamilia.

Jumatatu, 22 Aprili

Kikao kilikuwa kifupi. Mhasibu hakuwa na la kusema.

Ijumaa, 26 Aprili

Mama Stoo alikuja kuchukua koti lake. Amebakiza miaka mitatu astaafu. Atahojiwa tarehe 6 Mei, Afisa Utumishi anakuja kutoka makao makuu, na uamuzi ukienda vibaya hatarudi. Alinieleza haya akiwa anafunga vifungo, kana kwamba ni habari za mtu wa jirani.

Kisha akasema, "Wewe ulikuwepo, mwanangu."

"Nilikuwepo, mama."

Nilingoja aendelee. Aliniaga, akanishika bega, akatoka na mwavuli wangu kwa bahati mbaya. Sikumwita.

Alhamisi, 2 Mei

Somo la kuzungumza kikaoni. Yule fundi wa milimani aliulizwa na msichana wa mauzo afanyeje, maana kila anachosema kinachukuliwa na mwingine.

"Kwetu wanawake tuko watatu," akasema. "Tumekubaliana. Mmoja akisema jambo, mwenzake analirudia hapo hapo na kumtaja. Kama alivyosema fulani. Mara ya kwanza walituona vichaa. Mara ya kumi wakaanza kututazama sisi wenyewe tunaposema."

"Na kama uko peke yako?" akauliza msichana wa mauzo.

Fundi alivua miwani, akaifuta. "Basi mtaje ambaye hayupo."

Yule mzee wa bandarini akasema hii ni njama. Mwanamke wa pembeni yake, yule aliyekuwa akitazama kucha, alicheka. Ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake ikitoka yenyewe.

Jumapili, 5 Mei

Nilimwambia mama yangu yote. Alikuwa anapiga pasi blauzi yangu ya kesho. Hakuniuliza nitafanya nini. Baada ya muda alisema, "Miaka ishirini na miwili. Sikumbuki hata barua moja niliyoichapa." Akageuza kola, akaendelea.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nilitazame. Halifanani na ninachohisi, maana sihisi kitu. Mikono tu imekuwa ya baridi tangu mchana.

Jumatatu, 6 Mei

Chumba cha mikutano. Afisa Utumishi alikaa kwenye kiti cha Meneja. Ni mwanamke wa umri wa mama yangu, nadhifu, mwenye faili la buluu. Meneja kuliani kwake, Mhasibu kushotoni, Mama Stoo upande wa pili wa meza peke yake. Mimi mwisho, penseli na karatasi za kijivu. Daftari hili nililiweka chini yake.

Afisa alimwambia Mama Stoo, "Mama, mimi pia ni mwanamke, najua kazi zilivyo. Lakini leo twende na karatasi. Kuna mahali popote ulitoa taarifa kuhusu paa?"

"Nilisema kikaoni. Tarehe sizishiki. Nilisema mvua bado, na nikasema ilipoanza."

Afisa alifunua faili, ukurasa kwa ukurasa. "Humu hamna."

"Nilisema."

"Mama, hakuna anayekuita mwongo," Meneja akasema. "Ila kikao kina kumbukumbu. Bila kumbukumbu kila mtu angesema alisema."

Mama Stoo alitazama mikono yake. Hakunitazama. Nadhani alikuwa ananihurumia.

Afisa akasema, "Basi tuendelee."

Nikasema, "Naomba kusema."

Meneja alimgeukia Afisa, si mimi. "Karani haongei, anaandika. Bado mgeni."

"Kama alivyosema Mtunza Stoo Jumatatu tarehe 11 Machi," nikasema, nikafungua daftari. Nilisoma. Bati la kona ya nyuma limeachia misumari. Mvua haijaanza, ikianza itakuwa shida. Naomba fundi aje wiki hii. Nikasema, kama alivyosema Mtunza Stoo tarehe 1 Aprili, ndoo zimekuwa saba. Sauti yangu ilitoka bapa kama ya mtu anayesoma orodha ya vifaa. Nilisoma na la chai. Lilikuwa mstari wa chini yake na sikujua niruke wapi.

"Hilo ni daftari gani?" Meneja akauliza.

"La mafunzo, bosi. Sote tuliagizwa tuwe nalo."

Afisa akasema, "Kwa nini haya hayamo kwenye kumbukumbu? Nani alikukataza?"

Hapo ndipo nilipotaka kusema Meneja. Ingekuwa rahisi, na kila mtu pale alikuwa analingoja jina lake, hata yeye mwenyewe, nilimwona shingo ikikaza. "Hakuna aliyenikataza," nikasema. "Mimi sikuyaandika. Nilikuwa nangoja mwanamume ayarudie."

Mvua ilisikika kwenye dirisha. Mhasibu alikohoa, akajiweka sawa kitini. "Ni kweli," akasema. "Bati la nyuma lilitajwa. Mimi nadhani lingetengenezwa mapema."

Afisa akamwandika kwenye karatasi yake. Mimi nilikuwa nimeshaandika, na la bati nimeliandika kwa jina la Mtunza Stoo. Halafu, mstari wa chini, kwa penseli ile ile, nikaandika: Karani alisema. Sijawahi kuandika maneno hayo mawili pamoja. Nilijaza yote niliyosema, hadi lile la mwisho.

Afisa aliomba kurasa za daftari, akazitoa nakala mwenyewe. Aliporudisha alisema, "Una mwandiko mzuri," akaondoka kuwahi gari.

Jumanne, 7 Mei

Meneja amenirudishia kumbukumbu. Amepiga wino mwekundu juu ya sehemu ya Karani alisema. Nimezichapa upya bila kubadilisha kitu, nikamwekea mezani. Rasimu sijaifuta.

Jumatano, 8 Mei

Amenirudishia tena. Nimechapa tena.

Alhamisi, 9 Mei

Somo la mwisho. Nilimwandikia mwalimu kuwa majibu ya zoezi lile hayakuwa ya kweli, nikampa hesabu halisi: kumi na moja, manne, saba. Hajajibu.

Ijumaa, 17 Mei

Mama Stoo amerudi. Amepewa onyo la maandishi, kwa kutoandika barua. Alinirudishia mwavuli. "Onyo langu la kwanza," akasema, "nitaliweka fremu." Tulisimama tukitazama mafundi juu ya paa.

Jumatatu, 20 Mei

Barua yangu imetoka kabla ya kikao. Sijathibitishwa. Muda wa majaribio umeongezwa miezi sita, ili, nainukuu, stadi zangu za mawasiliano ziboreshwe. Mama yangu nitamwambia jioni. Nadhani atauliza nani aliichapa.

Kikaoni nilikaa mahali pangu. Birika lilikuwa katikati ya meza, nililiacha hapo. Karatasi zilikuwa mpya. Mama Stoo alisema mafundi wametengeneza kona ya nyuma, lakini bati la mbele nalo limeanza kuachia, waje wiki hii kabla hawajachukua ngazi zao.

Meneja alitazama kalamu yangu. Ni ya wino, nimeinunua leo asubuhi.

"Hilo nalo unaliandika?"

"Nimeshaliandika, bosi."